Mbegu Ndani ya Sikio la Esta

Watu waliokaa Bunda wakati wa Ujamaa bado wanaikumbuka rimu ya lori. Ilining'inizwa mbele ya ofisi ya kijiji. Ikigongwa alfajiri, kila mtu anashika njia ya shamba la pamoja. Ikigongwa saa kumi jioni, akina mama wanafunga kanga, wanabeba watoto mgongoni, wanakwenda kusoma. Mama mzima wa miaka arobaini anabanana kwenye dawati la mtoto, anaandika a, e, i, o, u! Walikuwa wakichekana mpaka machozi. Wee acha tu, zilikuwa siku tamu.

Nyangi alikuwa mmoja wa akina mama hao. Alikaa katika kijiji kipya upande wa Nyasura. Mume wake, Mhoja, alikuwa balozi wa nyumba kumi. Walilima pamba, mtama na mihogo. Mtoto wao wa pili, Esta, alikuwa na miaka minane. Huyo Esta alikuwa na maneno! Akianza kusimulia habari za shule, uji unapoa bakulini.

Lakini mwaka huo, wakati wa kuchuma pamba, Esta alibadilika. Alinyamaza. Tena akawa mkaidi.

"Esta! Lete kikapu!" Nyangi aliita.

Esta aliendelea kuchuma. Hakugeuka.

"Esta! We mtoto, nakuita!"

Kimya. Nyangi alimfuata, akamchapa kofi mgongoni. Esta aliruka kwa mshtuko, akamtazama mama yake kwa macho makubwa. Hakulia. Akachuma tena pamba, taratibu.

Shuleni ilikuwa hivyo hivyo. Mwalimu wake alimwita Mhoja, akamwambia, "Ndugu Balozi, mtoto huyu akiulizwa hajibu. Akiendelea hivi atabaki darasa la pili."

"Nitamnyoosha," Mhoja alijibu kwa aibu.

Sasa, kuna jambo Nyangi alilijua, lakini hakulifikiria. Tangu mvua za masika, masikio ya Esta yalikuwa yanatoka usaha. Ulichuruzika mpaka shingoni, ukanuka, na nzi wakamfuata. Watoto wenzake walimcheka. Nyangi alifanya kile ambacho mama yake alimfanyia. Alichukua pamba kutoka kwenye gunia, akatoa mbegu kwa vidole, akaviringisha, akaziba masikio yote mawili, akayafunika kwa kitambaa cha kichwani. Wakulima wengi wa pamba walifanya hivyo. Pamba si ilikuwa ipo tele, bure, tena nyeupe? Ikilowa aliitoa na kuweka nyingine. Siku zingine ilikatika, kipande kikabaki ndani. Aliweka mpya juu yake, akaenda zake shamba.

Jioni moja waliingia darasani wakakuta mgeni. Alikuwa Thadeo, mganga wa zahanati, kijana mfupi mwenye mzaha.

"Leo hatusomi silabi," alisema mwalimu wao, Pelagia. "Ndugu Thadeo atatufundisha."

Thadeo alichora ubaoni jicho moja na sikio moja. Sikio lilitoka kubwa kuliko kichwa chake mwenyewe. Darasa lote likacheka.

"Chekeni, lakini mnisaidie," Thadeo alisema. "Kila asubuhi mnakuja zahanati. Mmoja ananiambia, 'Macho.' Mwingine, 'Masikio.' Basi, imetosha! Nyie mkienda duka la ushirika mnasema tu, 'Nipe kitu'?"

"Aka! Hatusemi," walijibu.

"Mnasema chumvi, sabuni, mafuta ya taa. Na mwili una majina yake. Ukinipa jina sahihi, nakupa dawa sahihi."

Mzee Bernado, mmoja wa wanaume wachache wa darasa lile, alinyoosha mkono. "Mimi naonaga ukungu tu. Jirani yangu alipewa dawa ya kupaka, nikaazima, nikapaka. Wapi!"

"Mzee Bernado! Dawa ya macho haiazimwi. Jirani yako ana trakoma. Jicho lake ni jekundu, lina tongotongo, na ndani ya kope mna vipele. Asipotibiwa, kope zitapinda kuingia ndani na kukwaruza jicho. Hapo tunaita vikope. Je, wewe unaumwa?"

"Siumwi hata kidogo. Naona moshi moshi."

Thadeo alionyesha duara jeusi katikati ya jicho alilochora. "Hii ni mboni. Ukungu usiouma, na weupe ndani ya mboni, mara nyingi huo ni mtoto wa jicho. Dawa ya kupaka haiuondoi. Hospitali wanafanya upasuaji."

"Kupasua jicho langu!"

"Ndiyo. Na watu wanaona tena. Njoo kesho nikupime."

Kisha Thadeo akageukia sikio. "Tundu hili refu ni mfereji wa sikio. Humo mna nta. Nta si ugonjwa, inakamata vumbi. Mwisho wa mfereji kuna ngozi nyembamba. Imewambwa kama ngoma, nayo inaitwa kiwambo. Sauti inakigonga kiwambo, kinatikisika. Nyuma yake ni sikio la kati, lenye mifupa mitatu midogo. Halafu sikio la ndani, linalopeleka habari kwenye ubongo."

"Na usaha unatokaga wapi?" aliuliza Nyamburi, jirani yake Nyangi.

"Mara nyingi unatoka sikio la kati. Linaugua, kiwambo kinatoboka, usaha unatoka nje. Ukiuziba haukomi. Unakaa humo humo, unaharibu. Mtoto hasikii vizuri, na nyumbani mnasema mkaidi. Mnampiga!"

Penseli ya Nyangi ilianguka. Hakuinama kuiokota.

"Haya, semeni kweli," Thadeo aliendelea. "Nani hapa amemzibia mtoto sikio kwa pamba ya shamba?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Akina mama wote walitazama miguu yao. Nyangi alitaka kusimama. Lakini yeye ni mke wa balozi. Mhoja ndiye aliyesimama kwenye mikutano kuwasomea watu maagizo ya afya, kwa sauti ile yake nzito. Leo mke wake aseme nini mbele ya watu? Alibaki amekaa.

Asubuhi, kabla ya kwenda zahanati, alimwita Esta uani. Alivuta pamba ya sikio la kushoto, ikatoka yote. Alivuta ya kulia, ikakatika. Akachungulia. Ndani kabisa aliona kitu cheusi, kigumu. Mungu wangu! Ilikuwa mbegu. Alikumbuka siku ya kupeleka pamba kwenye mizani ya ushirika. Siku ile alikuwa na haraka, hakuichambua pamba vizuri.

Mhoja alifuatana nao zahanati. Thadeo alimulika sikio kwa tochi.

"Naona usaha, na kuna kitu kimeziba mfereji. Mmeweka kitu?"

Mhoja alicheka. "Nyumbani kwa balozi? Thubutu!"

Thadeo alimtazama Nyangi. "Mama Esta?"

"Hapana," Nyangi alisema. Alisema polepole.

"Sawa. Hapa sina vifaa. Nawaandikia barua muende Musoma. Msichelewe."

Walipanda basi siku hiyo hiyo. Walipita njia panda ya Butiama, vumbi jekundu likawapaka nywele. Walilala Kigera, karibu na Musoma mjini, kwa Susana, dada yake Mhoja. Susana aliwapikia furu wabichi, samaki wadogo wa ziwani, kwa ugali wa mtama, na upepo wa ziwa ukaingia dirishani. Nyangi alipenda sana kwenda Kigera. Siku zote alikuwa akila pale mpaka anafungua kanga. Safari hiyo alibakiza karibu ugali wote.

"Wifi, unaumwa?" Susana aliuliza.

"Siumwi, wifi. Nimechoka na safari."

Hospitalini walikuta foleni ndefu. Daktari Florian alikuwa mtu mzima, mwenye miwani na mikono iliyotulia. Alisoma barua, akamulika sikio.

"Barua inasema hakuna kilichowekwa," alisema. "Basi hii ni nta na usaha vimeganda. Tutaosha kwa maji ya uvuguvugu, yatasukuma uchafu utoke."

Akavuta maji kwenye bomba kubwa la sindano. Nyangi aliyatazama maji yale. Yeye ni mkulima. Alijua maji yanaifanya nini mbegu ya pamba. Mbegu inakunywa, inavimba, inapasuka. Shambani ni heri. Je, ndani ya sikio la mtoto?

Daktari alisogeza bomba.

"Ngoja, Ndugu Daktari!"

Alisema kwa sauti kubwa mpaka watu wa foleni wakachungulia mlangoni. Mhoja akageuka.

"Nimedanganya," Nyangi alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini aliendelea. "Usaha ulianza masika, masikio yote mawili. Nafikiri kiwambo kimetoboka. Nikaziba kwa pamba ya shamba. Kushoto nimeitoa yote. Kulia imekatika, na ndani ya mfereji kuna mbegu. Nimeiona kwa macho yangu. Usitie maji, itavimba!"

Daktari Florian akaliweka bomba mezani.

"Mama, umefanya vyema kusema," alisema. "Ningetia maji, mbegu ingevimba na kubana kabisa. Na kama kiwambo kimetoboka, maji yangeingia sikio la kati. Nani alikufundisha haya majina?"

"Darasani, Ndugu. Elimu ya watu wazima."

Daktari alichukua kifaa chembamba chenye ndoano ndogo. Muuguzi alishika kichwa cha Esta kwa nguvu. Esta alilia mara moja tu. Kipande cha pamba kilitoka kwanza, kimeoza, kinanuka. Kisha mbegu ikaangukia kwenye sahani ya bati.

"Ingekaa miezi mingine," Daktari alisema, "pengine mtoto huyu asingesikia tena."

Aliwapa dawa na maelekezo. "Chukua kitambaa cha pamba laini, safi, kilichofuliwa na kukaushwa juani. Sokota utambi. Ingiza kidogo tu, unyonye usaha, utoe hapo hapo, uutupe. Sokota mwingine. Rudia mpaka utambi utoke mkavu. Usiuache ndani kamwe. Asiogelee, maji yasiingie. Usitie mafuta wala samli. Mrudishe baada ya wiki mbili."

Walirudi Kigera, Mhoja akitangulia. Nyangi alitembea nyuma yake, akisubiri kugombezwa. Walipofika mlangoni kwa Susana, Mhoja alisimama.

"Ulinionea aibu?" aliuliza.

"Wewe ni balozi, Baba Esta. Nilisema watakucheka."

Mhoja alivua kofia, akajikuna kichwa. "Na mimi nilisema nitamnyoosha," alisema. "Nilimchapa fimbo, Nyangi. Mara mbili."

Mkutano uliofuata, rimu iligongwa na watu wakakaa. Mhoja akasimama na karatasi zake za maagizo, kisha akazikunja. "Ndugu zangu," alisema, "kosa limetokea nyumbani kwa balozi." Akaeleza yote, mbegu na uongo na fimbo. Hakuna aliyecheka. Kesho yake, akina mama saba walipanga foleni zahanati, watoto wao wakiwa na pamba masikioni. Nyamburi alikuwa wa kwanza. Mzee Bernado naye alikwenda Musoma, akapasuliwa jicho, akarudi na miwani minene, akaanza kuwaambia watu kwamba wamezeeka.

Nyangi alisokota utambi asubuhi, mchana na jioni. Usaha ulipungua, kisha ukakoma. Waliporudi Musoma mara ya tatu, Daktari Florian alisema kiwambo cha kushoto kimefunga, na cha kulia kinaendelea kufunga. Shuleni Esta alihamishiwa dawati la mbele. Mwisho wa mwaka aliingia darasa la tatu. Mpaka leo, ukimuuliza Nyangi ni kitu gani alichokipata darasani, hatakutajia cheti. Atakutajia mfereji, nta, kiwambo.

Lakini kuna siku moja anaikumbuka kuliko zote. Walikuwa shambani, wanachuma pamba ya mwisho. Esta alikuwa anasimulia habari za shule, anacheka peke yake. Siku zile mzazi hakuwa na desturi ya kumwomba mtoto radhi. Nyangi aliweka kikapu chini, akachuchumaa mbele yake.

"Esta, mwanangu. Nilikuwa nikikuita, ukikaa kimya nakupiga. Sikujua kwamba husikii. Nisamehe."

Esta alimtazama, akafikiri.

"Mimi nilikuwa naona midomo yenu tu," alisema. "Nilifikiri mmeninunia. Nikawa nafanya kazi sana, ili muanze kuongea na mimi tena."

Nyangi alimkumbatia pale pale kwenye mistari ya pamba. Akaweka mdomo karibu na sikio lake la kulia, akamnong'oneza jina lake.

"Nimesikia, mama," Esta alisema.