Rasi Iliyomvunja Mkono Marselino

"Rudia ulichosema," Adelard alisema.

"Nimesema Rasi ya Tumaini Jema siyo mwisho wa Afrika," Marselino alijibu. "Mwisho wa kusini kabisa ni Rasi Agulhas. Iko mbele zaidi, upande wa mashariki."

Darasa zima lilicheka. Na mimi nilicheka, ingawa alikuwa mchumba wangu na harusi yetu ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Ilikuwa mwaka sabini na mbili, Keko, saa kumi alasiri. Darasa letu la kisomo lilikuwa kwenye karakana ya kaka yangu Fransis, tukikalia mbao za mninga ambazo hazijapigwa randa. Adelard alikuwa mwalimu wetu, tena katibu wa vijana wa tawi la chama. Siku hiyo alishika karatasi ya maswali ya mtego iliyotoka wilayani kwa ajili ya mashindano ya madarasa. Tulikuwa tumeshakosa matatu. Mji mkuu wa Australia tulisema Sydney, kumbe Canberra. Wa Brazili tulisema Rio, kumbe Brasilia. Ziwa Viktoria tulidhani Uganda ndiyo yenye sehemu kubwa, kumbe ni sisi wenyewe.

Jibu la swali la nne, hilo la rasi, Adelard hakulisoma. Aliikunja karatasi akaitia mfukoni.

"Umejuaje?" alimuuliza Marselino.

"Nimepita. Mwaka sitini na saba, Mfereji wa Suez ulipofungwa, kabla sijashika useremala, nilikuwa napiga deki kwenye meli ya Wagiriki. Tulizunguka huko chini."

"Chini wapi?"

"Afrika Kusini."

"Kwa Makaburu."

"Kwenye bahari yao. Hatukushuka. Niliona taa ya mnara tu."

"Anaijua mpaka taa yao," Adelard aliwaambia watu, taratibu, kama anayefundisha herufi. "Ndugu Fransis, huyu ndiye unayempa dada yako? Baba yenu mdogo Albano alikufaje?"

Baba mdogo alivuka Ruvuma kwenda kupigana pamoja na FRELIMO, na bomu la Mreno likamkuta huko. Kilichorudi nyumbani kilikuwa shati. Na kila mtu pale alijua kuwa Mreno na Kaburu lao moja.

"Muulize basi meli hiyo ilibeba nini," Adelard alisema.

Fransis alisimama. "Shemeji, ilibeba nini?"

"Saruji, shemeji."

"Usiniite shemeji."

Alichukua ubao. Nilisikia mlio, nikadhani ubao ndio umevunjika. Ubao ulikuwa mzima. Mkono wa kulia wa Marselino ndio ulining'inia.

Hapo wengine nao wakainuka. "Jasusi," mmoja alisema, na neno hilo likatosha. Walimpiga mateke akiwa chini, jino likatoka, damu ikashikana na maranda usoni mwake. Nilimlalia juu, teke likaniingia mbavuni, mpaka leo sijui la nani. Aliyetutoa ni Sadallah, fundi wa makochi, ambaye hakuwa ndugu wa yeyote kati yetu. Alimwinua Marselino kwa makwapa.

"Mpeleke ng'ambo ya barabara," aliniambia. "Mie nitawachelewesha."

Aliwachelewesha kwa mdomo wake mwenyewe, waliupasua.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la Bi Hayat, mama wa Kiarabu. Siku zile wenye maduka walikuwa wanasemwa vibaya, na angefunga mlango wake nisingemlaumu. Alimtazama Marselino, kisha mimi.

"Mweke nyuma ya magunia, mwanangu."

Halafu alichukua mchi wa kinu, akaweka kigoda mlangoni, akaketi.

Walikuja kama ishirini, na fimbo na misumeno. Adelard alikuwa mbele.

"Tunamtaka jasusi," alisema.

"Sijasikia salamu."

"Bi Hayat, hili ni jambo la taifa."

"Taifa limekukataza kuamkia? Mama yako alishikwa na uchungu akiwa na mfuko wa sukari mkononi, akakuzaa humu ndani, nyuma ya hiyo kaunta. Niamkie."

Adelard alitazama pembeni. "Shikamoo."

"Marahaba. Mguu wa mama unaendeleaje?"

"Haujambo."

"Na wewe wa nyuma, mwenye msumeno. Sijakusikia."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mkeo ameshajifungua?"

"Bado."

"Sasa hapa unafanya nini? Nenda kamwangalie."

Akaondoka kweli. Bi Hayat akaendelea na wa tatu, na wa nne, kila mmoja na salamu yake, kila mmoja akiulizwa mtoto, homa, paa linalovuja. Ni vigumu kumwamkia mtu mzima huku umeinua fimbo. Zilishuka moja baada ya nyingine, na watu wakaanza kutawanyika. Adelard naye alikwenda. Alibaki Fransis, mikono imejaa maranda na damu.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba," Bi Hayat alijibu, lakini huyu hakumuuliza kitu.

Bi Hayat alichana kanga yake mpya, akaufunga ule mkono kwa vipande vya mbao za sanduku la chai. Marselino hakulia. Alipoweza kusema, alisema na mimi.

"Rosalia, sioi katika nyumba iliyonivunja. Kamwambie kaka yako."

"Nipe siku moja."

"Ya nini? Na wewe ulicheka."

Nilikwenda nyumbani nimeshika mbavu zangu.

Kesho yake alasiri darasa likakaa tena, watu wakikwepa kukanyaga doa la damu. Nilisimama.

"Mwalimu, jana hukutusomea jibu la swali la nne."

"Leo ni hesabu, dada Rosalia. Kaa."

"Karatasi iko mfukoni mwako."

"Nimesema kaa."

Nilimfuata mbele, nikatia mkono mwenyewe mfukoni mwake. Alinipiga kofi nikaona giza. Aliponyanyua la pili, Fransis alikuwa ameshamdaka kifundo cha mkono.

"Dada yangu humpigi."

"Mwambie aache utovu wa adabu."

"Nini kimo humo?"

Fransis aliichomoa karatasi. Kaka yangu alikuwa na miezi minane tu tangu ajue herufi. Aliweka kidole chini ya mstari, akaanza kusoma kwa sauti, na hakuna aliyemharakisha.

"Swa-li la nne. Wa-tu we-ngi hu-ko-sea. Ji-bu. Ra-si A-gu-lhas." Akafuta jasho. "Si-yo Ra-si ya Tu-ma-i-ni Je-ma."

Alirudia mara mbili, kama anayetafuta pa kukosea.

"Ulikuwa unajua," alimwambia Adelard.

"Nilimposa dada yako kabla ya Marselino," Adelard alisema. "Akanikataa mbele ya mama yangu."

Ngumi ya kwanza ilimvunja pua. Ya pili ilimpeleka juu ya meza ya kazi, makopo ya gundi yakamwagika. Nilihesabu nne ndipo nikasema basi. Ningeweza kusema baada ya ile ya kwanza. Sikusema.

Kisha Fransis alivuka barabara, nami nyuma yake. Alimpigia magoti Marselino penye magunia.

"Nipige," alisema.

"Kwa mkono upi?"

Fransis aliinamisha kichwa.

"Nina kabati la mtu halijaisha," Marselino alisema, "na kitanda cha dada yako sijakianza. Nani atavifanya?"

"Mimi."

"Kwa ninavyosema mie?"

"Kwa unavyosema."

"Na mkono usipopona?"

"Nitafanya tu."

Marselino alipapasa pengo la jino kwa ulimi. Akanigeukia.

"Na wewe. Kucheka, cheka, sikukatazi. Ila uliza kwanza."

"Nitauliza."

"Basi nendeni mkamwambie padre harusi ipo."

Tulifunga ndoa siku ileile tuliyopanga. Pete alinivalisha kwa mkono wa kushoto, ikaanguka mara moja, Sadallah akaiokota. Bi Hayat alikaa benchi la mbele kanisani na buibui lake. Mkono wa kulia wa Marselino haukunyooka tena, siku ile wala miaka yote niliyoishi naye.

Sahani ya pilau ilipofika mezani, Fransis aliketi kando ya mume wangu, akachukua kisu, akaanza kumkatia nyama bila kuambiwa na mtu.

"Vidogo zaidi," Marselino alimwambia.

Akakata vidogo zaidi.