Simu Iliyojaa Mtandao

Kila jioni, akishamwogesha mtoto wake Lorna, Bosibori aliketi mlangoni kwake huko Manga na kufungua simu. Alipenda kusikiliza nyimbo za kwaya. Siku hizi zilifunguka upesi ajabu.

Gentrix, mwenzake wa kwaya, ndiye aliyemsaidia.

"Bado uko kwa 3G, mama Lorna?" alimcheka. "Wimbo unazunguka tu, hauimbi! Lete hapa."

Akaingia kwenye mipangilio ya simu, akachagua 4G peke yake. "Haya, sasa umekuwa mtu."

Kredo ya kupiga simu Bosibori hakuwa nayo. Alinunua bando la intaneti tu. Mama yake alikuwa mgonjwa Nyansiongo, akitunzwa na Angwenyi, kaka yake Bosibori. "Hali ikibadilika nitakupigia," Angwenyi alikuwa amemwambia. Simu haikulia. Bosibori akashukuru, akidhani mama anaendelea vizuri.

Jumapili asubuhi pikipiki ikasimama nje. Alikuwa binamu yake, Fred.

"Kumbe uko tu hapa?" Fred aliuliza.

"Niende wapi?"

Fred akatazama chini. "Dada, tumekupigia tangu Ijumaa. Mama alikuwa anakuita. Ametuacha jana jioni."

"Ee Nyasae, Mungu wangu! Mmenipigia wapi? Simu ni hii! Tazama, mtandao umejaa!"

Kule Nyansiongo, Angwenyi hakumpa mkono.

"Ulizima simu."

"Sikuzima, kaka."

"Hapatikani, hapatikani! Mama akauliza, Bosibori ameshika njia? Nikamwambia uko karibu kufika. Nilimdanganya mama akifa, kwa sababu yako."

Bosibori akaketi chini jikoni. Hata kulia alishindwa. Mama alikuwa amesikiliza mlango mpaka mwisho, na yeye alikuwa akisikiliza nyimbo.

Margret, jirani ya mama anayetengeneza simu sokoni, akamletea chai. "Hebu nione hiyo simu," alisema. Akaipigia kwa yake. Mteja hapatikani. Na simu iko pale mkononi, inawaka.

Margret akafungua mipangilio. "Nani alikuwekea 4G peke yake?"

"Ni ya mbio."

"Ni ya mbio, ndiyo, lakini ilijengwa kwanza kwa intaneti. Kuna simu zinazopitisha sauti juu ya 4G, kampuni ikiruhusu. Yako haiwezi. Mtu akikupigia, lazima ishuke 3G au 2G ipokee, halafu irudi. Wewe umefunga huko chini."

"Mbona WhatsApp inaingia?"

"Hiyo ni intaneti. Angwenyi ana kabambe, kasimu kasiko na intaneti, angekupataje?"

"Gentrix alisema 3G ni aibu."

"Kampuni zinashindania mbio, na sisi tunashindana nazo. Acha simu ichague mtandao yenyewe. Na ukibadilisha kitu, mwambie mtu akupigie palepale. Simu ya kawaida, si WhatsApp."

Akarekebisha. Kisha akamwita Angwenyi. "Mpigie dada yako."

"Nimempigia vya kutosha."

"Mara moja tu, baba."

Angwenyi akatoa kabambe yake. Simu ya Bosibori ikalia. Wanawake waliokuwa wakipika wakageuka kutazama. Bosibori aliona jina la kaka yake, vidole vikakataa kubonyeza. Angwenyi akaja, akaketi chini kando yake.

"Pokea basi," alisema.

Akapokea. Mabega yao yalikuwa yanagusana.

"Dada," Angwenyi aliita ndani ya simu.

"Niko," akajibu. Hapo ndipo machozi yalipotoka.

Baada ya mazishi alirudi Manga, akaenda kwa Gentrix. Hakugomba. Alimweleza, akarekebisha simu ya Gentrix pia, akaipigia mpaka ikalia. Siku ya mazoezi walipitia simu za kwaya yote. Kadhaa zilipopigiwa hazikupatikana. Zilirekebishwa, moja moja, na kila moja ikapigiwa palepale.

Haukupita muda, dada yake Gentrix, aliyekuwa mjamzito, akashikwa na uchungu, akampigia simu. Gentrix akapokea, akakimbia, akamfikisha hospitali mapema. Mtoto akazaliwa salama.

Bosibori alikwenda kumwona mtoto huyo. Alimbeba, akamwimbia kidogo, akacheka naye. Kisha akamrudisha kwa mamake, akatoka nje, akasimama peke yake, akimwaza mama yake aliyesikiliza mlango.