Nukta Isiyo na Mwenyewe

Nukta ilikuwa ndogo kama punje ya ufuta, nyeusi, imekaa pale mistari miwili ilipopishana katikati ya karatasi, na mpiga kinanda aliapa kwamba hakuiweka yeye.

"Basi imejiweka," mjomba wake alisema akivua miwani. "Wino wa siku hizi una akili kuliko wanafunzi."

Mjomba alikuwa fundi redio tangu ujana wake hadi mikono ilipoanza kutetemeka. Sasa alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, sebuleni kwa mpwa wake, akifundisha kwa mdomo tu. Mpwa, mwanamke mwenye mtoto mmoja, alipiga kinanda kwenye kumbi za harusi, na alikuwa amechoshwa na sauti za dukani ambazo kila mpigaji mjini alikuwa nazo. Alitaka sauti yake. Kwa hiyo alitaka kutengeneza kisanduku chake mwenyewe cha kutoa sauti, na kabla ya kisanduku ilimbidi ajue kusoma na kuchora michoro ya saketi, yaani njia za umeme.

Mwanzoni michoro ilimpiga chenga.

"Usiitazame kama picha," mjomba alimwambia. "Isome kama barua. Umeme unaingia hapa, unabanwa kwenye resista, unajaa kwenye kapasita kama maji kwenye ndoo. Ndoo ikijaa inamwagika, inajaa tena. Huko kujaa na kumwagika haraka haraka ndiyo sauti yenyewe."

"Na mistari ikikatana?"

"Bila nukta, ni watu wamepishana njiani bila salamu. Ukiweka nukta, wameshikana mikono. Sasa angalia nani unamshikisha mkono na nani."

Chini ya meza kichwa kidogo kikachomoza. "Babu, mbona hawasalimiani? Wamegombana?"

Huyo alikuwa binti wa mpiga kinanda, mtoto ambaye hata shule hajaanza, aliyeitwa Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mjomba alicheka hadi akakohoa.

Mpiga kinanda hakucheka. Alikuwa anafuata ile mistari kwa kidole. Mmoja ulikuwa wa sauti, ukielekea kwenye spika. Wa pili aliufuata kurudi nyuma, na haukutoka popote. Ulianzia ukingoni mwa karatasi, mahali pasipo na kitu. Akaufuta, akaifuta na nukta. Kesho yake baada ya chakula cha mchana alipofunua karatasi, vyote viwili vilikuwa vimerudi mahali pake.

Safari hii hakumwambia mjomba.

Alijenga kisanduku jinsi alivyofundishwa. Kikakoroma kama chura mwenye mafua. Akabadilisha hiki, akapunguza kile, chura akabaki chura. Mchana mmoja mjomba aliposinzia kitini, akachukua kipande cha waya na kukilehemu ndani ya kisanduku, mahali palepale pa nukta, ncha ya pili akaiacha ikining'inia hewani. Kwa kujaribu tu, alijiambia.

Kisanduku kikaimba. Ilikuwa sauti ya mtu aimbaye huku amefumba midomo, laini, yenye pumzi ndani yake. Mpiga kinanda machozi yalimlenga. Mjomba aliamka akauliza, "Nani kaja?"

Jumamosi hiyo harusini watu waliacha sahani zao wakasogea jukwaani. Kizuri hakikosi ila, wahenga walisema, lakini ukumbini humo nani alikuwa na masikio ya wahenga?

Kasuku ndiye aliyeanza kukaa na kisanduku. Mama yake alimkuta ameweka sikio juu yake, ananong'ona.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Ananiuliza maneno."

"Nani?"

"Wa humu ndani. Hajui kusema, mama. Namfundisha."

Mama alimwondoa, akajilazimisha kutabasamu. Watoto wana yao. Lakini tangu hapo maneno ya Kasuku yakaanza kupungua. Kwanza alisahau majina ya vitu vidogo, akawa anavionyesha kwa kidole. Kisha akaacha maswali. Kisha akawa anakaa mlangoni kimya, akitazama mikono yake kama ya mtu mwingine, na mjomba aliyezoea kuomba apumzishwe masikio sasa alimbembeleza, "Sema kitu, mjukuu wangu. Nitukane hata mimi."

Alasiri moja mama alikuwa jikoni anaosha vyombo aliposikia kutoka sebuleni, "Kikombe. Kijiko. Mlango. Mama." Moyo ukamruka kwa furaha. Mtoto anasema! Akajifuta mikono, akageuka ili akimbie, na Kasuku alikuwa amesimama nyuma yake hapohapo jikoni, ameshika pindo la sketi yake, midomo imefungwa.

"Mama," sauti ya sebuleni ikarudia.

Alikwenda akiwa amembeba mtoto, akang'oa plagi ukutani. Taa nyekundu ya kisanduku ikazimika.

"Mama, mbona umezima? Kuna giza humu."

Plagi ilikuwa bado mkononi mwake. Na kisanduku kilinukia mafuta ya nazi, yaleyale aliyompaka Kasuku nywele kila asubuhi. Alipoinamisha pua kwenye kichwa cha mtoto aliyembeba, alinusa lehemu ya moto.

Mjomba, aliyeamshwa kitini na sauti hiyo, alivaa miwani yake, akainamia kisanduku. "Huu waya," alinong'ona, "unakwenda wapi?"

"Hauendi popote, mjomba."

"Hakuna waya usiokwenda popote, mwanangu. Nenda kamwite mganga. Nenda sasa hivi."

Mganga alikuwa mama wa makamo aliyeishi nyuma ya soko, mwenye mkoba wa kawaida na viatu vya kawaida, asiyependa maneno mengi. Aliweka kiganja kifuani mwa mtoto, kisha juu ya kisanduku, na hapo akakiondoa upesi.

"Ni jini," alisema kwa sauti ya chini. "Limepata mlango. Uliufungua kwa mkono wako, utaufunga kwa mkono wako. Lakini litalia. Litakuita kwa sauti ya mwanao, kwa sababu hila yake ni sauti. Usilijibu hata neno moja."

Chuma cha kulehemu kilipopata moto, mpiga kinanda akakisogeza kwenye ile nukta, na kisanduku kikaanza taratibu, mama, usifanye hivyo, mama, ni mimi, halafu kwa haraka zaidi, niko huku, yule aliyepakatwa na babu siyo mimi, mtazame, mtazame mama, na yeye hakutaka kutazama lakini alitazama, akamwona mtoto mapajani mwa mjomba amenyooka kama fimbo, macho makavu hayapepesi, anatazama chuma kinavyoshuka kama fundi anayesimamia kazi yake, na lehemu ikaanza kung'aa na kuyeyuka, na sauti ikawa kilio cha mtoto aliyeungua, kilio ambacho mzazi yeyote angetupa kazi yoyote na kukikimbilia, na mganga akamshika bega akimwambia usijibu, usijibu, na mjomba akisali kwa machozi, naye akauma mdomo hadi damu, akafumba macho, akauvuta waya.

Kimya.

Kisha kutoka mapajani mwa mjomba: "Mama, nina njaa."

Alilia hadi akakaa sakafuni. Mjomba alimkumbatia mtoto na kumbusu kichwa chote. Mganga alikifunga kisanduku kwa kitambaa, akaondoka nacho akakiponde mbali na watu, na usiku huo wote watatu walilala usingizi mzito.

Kasuku alirudi kuwa Kasuku. Alisema kuliko zamani. Aliuliza mwezi unalala wapi na kwa nini babu ana nywele puani, na mama yake alijibu kila swali, hakuchoka.

Juma lile lile, jioni, walikuwa mezani watatu, na Kasuku alikuwa anasimulia habari ya paka wa jirani. "Akapanda ukutani, mama, juu kabisa! Akaona mbwa. Halafu aka—"

Umeme ukakatika mtaa mzima.

"Halafu akafanyaje?" mama aliuliza akipapasa kutafuta kibiriti. Nje majirani walikuwa wanalalamika kama kawaida yao. "Kasuku? Akafanyaje paka?"

Aliwasha mshumaa. Mtoto alikuwa amekaa wima, kijiko kimesimama hewani, mdomo wazi katikati ya neno. Hakupepesa. Mama alimwita, akamshika mashavu, akamtikisa. Mkono wenye kijiko haukushuka. Aliweka sikio kifuani pake, akakaa hivyo muda mrefu, hakuthubutu kumwambia mjomba alichosikia wala asichosikia.

Taa zikawaka. Friji ikanguruma.

"—ruka!" Kasuku akasema, akapeleka kijiko mdomoni. Kisha akamtazama. "Mama, mbona unalia?"

Mama hakumjibu. Alikuwa anamkumbuka yule wa kisandukuni, aliyemwita wakati plagi iko mkononi mwake, aliyelalamikia giza, ambaye hakuhitaji umeme wowote ili kumwita mama.