Mawe ya Kanisa Kuu la Kwamgando

Jumatatu, Leticia alirudi kutoka shuleni akirukaruka, miguu imebanana. Mama yake, Bertha, alidhani ni mchezo.

"Acha upuuzi, utaangukia jiko."

"Mama, haiachani."

Bertha alimkanda, akampa panado, akarudi kwenye kompyuta. Alikuwa akichapa kitabu cha jubilei ya kanisa kuu la Kwamgando, kamji kalikokaa mdomoni mwa mto, kusini mwa Tanga, ambako zamani meli zilipakia pembe na watu. Wiki iliyopita, kwenye daftari la wamisionari, alikuwa amekuta ukurasa ambao hakuna aliyewahi kuusimulia: mawe ya kanisa yaliletwa kwa mashua na wapagazi kumi na mmoja. Mnyapara wao, Eliudi, aliwafunga minyororo miguuni wasitoroke. Mto ulipofurika aliokoa mawe, wao akawaacha wazame.

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Methusela, alikuwa mjukuu wa Eliudi. Aliusoma akacheka puani.

"Mama Leti, hii ni jubilei, siyo matanga. Andika walijitolea kwa moyo. Hiyo karatasi kawashie jiko."

Bertha alikuwa amechoka, na kitabu kilitakiwa Ijumaa. Aliandika walijitolea kwa moyo. Jumapili jioni, siku moja kabla miguu ya Leticia haijabanana, karatasi akaiwashia jiko.

Jumatano saa nane mchana, jua kali nje, nyumba nzima ilinuka tope la mto, na Bertha aliposogea chumbani alisikia chuma kikiburutwa chini ya kitanda, taratibu, kikisimama kila aliposimama yeye, kikianza tena kila alipovuta pumzi, hadi akaona kifundo cha mguu wa mwanawe kikijichora pete nyekundu, ngozi ikipasuka bila mkono wa mtu kuigusa.

Alivuka barabara mbio kwa Bi Mwatum, Mpemba mpunga pepo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo umeniona? Kila Jumapili wanipita kama nguzo ya umeme."

Lakini alikuja. Alifukiza ubani, akauliza kama pepo wote wanavyoulizwa: "Nyie nani, na mwataka nini kwa huyu mliyempanda?"

Kinywa cha mtoto kilitoa sauti za wanaume wengi. "Sisi kumi na mmoja. Tumeandikwa tulijitolea."

"Mwataka mbuzi? Kaniki?"

Wakacheka. "Twataka damu ya Eliudi. Sisi wageni wa zama hizi, hatuijui iliko. Mama huyu aijua. Atutajie."

Bi Mwatum alimshika Bertha mkono, akanong'ona: "Usimtaje mtu, mwanangu. Ukishataja hawarudishiki. Nipe siku saba niwabembeleze."

Bertha alitazama miguu ya Leticia. Damu ilikuwa imefika shukani, na pete ilizidi kukaza.

"Siku saba hana, bibi."

Kisha akasema kwa sauti, bila kutetemeka, kama anayemwelekeza mgeni: "Methusela. Nyumba ya bati jekundu, nyuma ya kivuko. Saa hizi yuko barazani, na wa kwake wote wako ndani."

Miguu ya mtoto iliachana. Harufu ya tope ikatoka mlangoni kama mtu mwenye haraka. Leticia akalia, akaomba uji.

Haukupita muda, ukelele ukasikika upande wa kivuko, wa mwanamke, kisha wa pili, mwembamba zaidi.

Bi Mwatum alikusanya chetezo chake bila kumtazama.

"Yule ana wajukuu watatu, Bertha."

"Najua," Bertha akasema, akafunga dirisha.