Chombo Kilichopewa Kazi ya Uongo

Siku ya kugawa vyombo vya marehemu Atumani, Victoire aliamka akafagia uwanja kama siku nyingine yoyote. Alisonga ugali wa muhogo, akachemsha sombe ya majani ya muhogo, kisha akatandika mkeka mbele ya kibanda ambamo mumewe alikuwa akishonea viatu. Jua lilikuwa zuri. Jirani wa ng'ambo ya njia alikuwa anatwanga mpunga, na mpita njia angedhani pale kuna kasherehe kadogo.

Atumani alikuwa fundi viatu, na katika soko zima la Kasongo hakuna aliyemzidi kwa kujitengenezea vyombo. Kununua alikuwa hataki kabisa. Msharasi wake wa kutobolea ngozi ulikuwa spoku ya baiskeli iliyonolewa na kutiwa mpini wa pembe ya swala. Kisu chake kilikuwa kipande cha msumeno. Kulikuwa na ubavu wa mwavuli uliopindwa wa kuvutia uzi, na kigurudumu chenye meno kilichotolewa ndani ya saa mbovu, cha kuweka alama za mshono. Nyundo yake ilitoka kwenye lori lililofia njia ya Kabambare. Victoire alizoea kumtania kwamba siku moja ataamka akute na yeye amegeuzwa koleo.

Sasa wa kutaniwa hayupo, na vyombo vimepangwa juu ya mkeka vikingoja kutajwa.

Katika ukoo ule wa mafundi, vyombo vya marehemu havigawiwi kimya kimya. Mkubwa wa familia hukiinua kimoja kimoja, na anayekijua husema kwa sauti kazi yake: hiki cha kutoboa, hiki cha kukata. Kikishatajwa, marehemu anakiachia, na atakayekirithi anakifanyia kazi bila wasiwasi. Kisichojulikana na mtu yeyote hakirithiwi. Kinapelekwa kaburini kwa mwenyewe, akaendelee na kazi anayoijua peke yake.

Aliyeinua siku hiyo ni Iliasi, mdogo wake Atumani, aliyekuja kwa pikipiki kutoka Kabambare na bado ana vumbi kwenye kope. Mambo yalikwenda vizuri mpaka kikabaki chombo kimoja.

"Na hii?" Iliasi aliuliza. "Hii iko ya nini?"

Hakuna aliyejua. Kilikuwa kijiti cha mti mgumu, kirefu kupita kiganja. Upande mmoja kilikuwa na kibao kidogo kilichosimama wima, na katikati pete ya shaba inayoteleza kwenda na kurudi. Kwenye ubavu wake kulikuwa na mikato midogo ya kisu, mmoja baada ya mwingine. Kilikuwa kimelainika kwa kushikwa.

Victoire alikipokea akakigeuzageuza. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kukiona. Jean-Paul, fundi mwenzake Atumani waliyekuwa wanakaa naye kibandani, pengine angejua, lakini alikuwa kwao Nyangwe, anaumwa. Victoire alikisogeza puani. Kilinuka mkono wa mumewe: ngozi, jasho, tumbaku kidogo. Moyo ukamkatika. Angekubalije hicho nacho kifukiwe?

"Iko ya kukorogea kole," alisema.

Kole ni ile gundi ya kubandikia soli. Iliasi alimtazama kidogo. "Una hakika, shemeji?"

"Si mimi bibi yake?"

Basi kikatajwa hivyo, cha kukorogea kole, na Victoire akakitundika kwenye msumari ndani ya kibanda. Ulikuwa uongo mdogo, wa mapenzi, na hakuona kama umemdhuru mtu.

Kopo la kole la Atumani lilikuwa limekauka tangu alipoanza kuugua. Lilikuwa limekuwa jiwe, hata msumari hauingii. Siku chache baada ya mgawo, Victoire aliingia kibandani kutafuta ndoo, akasikia harufu kali ya kole mbichi. Alifunua kopo. Kole ilikuwa laini, inang'aa, imekorogwa vizuri.

Alijiambia ni joto la bati. Alifunga mlango akaenda shambani.

Kesho yake ilikuwa vilevile, na keshokutwa. Halafu alasiri moja, akichambua mboga nyuma ya nyumba, alisikia sauti ndani ya kibanda. Kijiti kinagonga ukingo wa kopo. Taratibu. Kinazunguka, kinagonga. Kinazunguka, kinagonga. Kuku waliokuwa wanaparua karibu na ukuta waliondoka wote pamoja.

Victoire aliinuka. Alisukuma mlango.

Hapakuwa na mtu. Kiti cha Atumani kilikuwa kimevutwa karibu na kopo. Kijiti kilikuwa kimesimama ndani ya kole. Bado kilikuwa kinazunguka.

"Baba Sonia?" alinong'ona, akimwita mumewe.

Kijiti kilisimama. Victoire alinyoosha mkono, akagusa kiti. Kilikuwa na joto.

Alilia siku hiyo, tena sana, na si kwa woga peke yake. Alilia kwa sababu mume wake alipenda kazi, lakini kukoroga kole hakukupenda hata siku moja. Alikuwa akimwachia Jean-Paul. Na sasa yuko pale kila alasiri, anakoroga, hamalizi, hapumziki.

Jean-Paul aliporudi kutoka Nyangwe, amekonda, anatembelea fimbo, Victoire hakumpa hata muda wa kunywa maji. Alimwonyesha kile kijiti. Mzee alikipangusa kole kwa ukucha, polepole, akatelezesha ile pete ya shaba. Kisha akafunika uso kwa kiganja.

"Nani alisema hii iko ya kole?"

"Ni mimi."

"Ah, Mama Sonia." Sauti yake ilishuka. "Umemupa mutu kazi isiyo yake. Hii iko ya kupimia muguu. Tena si muguu ya kila mutu. Ya mutoto wenu."

Victoire alikaa chini.

Inafaa tuseme hapa jambo ambalo Kasongo yote inalijua. Zamani Victoire na Atumani walikuwa wanakaa Wamaza, na walikuwa na mtoto mmoja, Sonia, msichana mwenye maneno mengi. Alikuwa anakanyagia ubavu wa mguu wa kushoto, tangu homa aliyougua akiwa mchanga. Mwaka mmoja, Idi ikikaribia, Atumani alimshonea viatu. Alivizidisha kidogo, kama mafundi wote wanavyofanya kwa watoto, ili akue ndani yake. Kabla Idi haijafika, bunduki zililia, na Wamaza nzima ikatoka mbio kuelekea Kasongo. Kwenye daraja la magogo, katika msongamano wa watu na mbuzi na magodoro, Sonia alimvuta mama yake nguo.

"Mama, kiatu yangu imetoka."

"Rudi uikamate, mbio!" Victoire alisema, maana alikuwa na mzigo kichwani na hakuweza kugeuka.

Sonia alirudi. Hakuonekana tena, wala yeye, wala maiti yake, wala kiatu. Matanga hawakukaa, kwa sababu Victoire alikataa. Wengine walisema wachawi wa mtoni walimchukua, wamemweka upande wao akawafanyie kazi. Alimfukuza nyumbani kila aliyesema hivyo.

"Atumani hakujisamehe," Jean-Paul aliendelea. "Alikuwaka anasema: kama ningepima sawasawa, kiatu haingetoka. Njo sababu akatengeneza hii. Kila mwaka, mbele ya Idi, anashona viatu, anaenda kuviweka pale kwenye daraja. Mara moja nilimusindikiza."

"Na alijuaje saizi?"

Mzee alitazama mlango kabla ya kujibu.

"Sijue alikuwa anapima wapi. Mimi niliona tu viatu vya mwaka uliopita viko pale, vinamungoja. Vimevaliwa vikatembelewa. Fungua ule mufuko kule juu ya dari."

Mfuko ulikuwa juu ya dari kweli, umefungwa kwa mpira wa ndani wa tairi. Victoire aliumimina kwenye mkeka. Viatu vilitoka, vidogo, halafu vikubwa kidogo, halafu vikubwa zaidi, vya mtoto, vya kigori, vya msichana anayekaribia kuolewa. Vyote vilikuwa vimechakaa. Na katika kila jozi, bila kukosa hata moja, cha kushoto kilikuwa kimelika upande wa nje.

"Pengine mutoto wa mutu mwingine alikuwa anaviokota," Jean-Paul alisema. Yeye mwenyewe hakuonekana kuamini.

Victoire alishika kijiti kwa mikono miwili akakiinua juu ya kichwa, kama Iliasi siku ile.

"Hiki ni cha kupimia mguu wa Sonia," alisema kwa sauti. "Sonia wa Atumani. Hakina kazi nyingine. Nilidanganya. Nisamehe, Baba Sonia, uende."

Nyuma yao kopo la kole lilitoa mlio, tak, kama chungu kinachopasuka. Jean-Paul alichungulia. Kole ilikuwa imekauka, imekuwa jiwe.

Tangu siku hiyo kibanda kilinyamaza. Victoire alikuwa ameomba hivyo mwenyewe, lakini alasiri ilipofika alijikuta amekaa karibu na ukuta, anasikiliza. Hapakuwa na kitu. Hapo ndipo alipojua kwamba mumewe amekufa kweli.

Idi ilikuwa inakaribia, na Victoire alikuwa na jambo moja tu kichwani: mwaka huu asiachwe mtoto akatembea peku. Jean-Paul alishona. Alipeleka pete ya shaba mpaka mkato wa mwisho, akakata soli kufuata hapo.

"Hii njo ya mwisho," alisema. "Ingine hakuna."

Victoire alipanda pikipiki akiwa na viatu ndani ya kitenge. Alimwomba dereva asimame kabla ya kilima, akashuka kwenda darajani peke yake. Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi, na mto ulikuwa unapita chini ya magogo bila kelele. Hakuna ndege aliyelia.

Viatu vya mwaka uliopita vilikuwa pale. Vimepangwa sambamba, ncha zikielekea Kasongo.

Aliviokota. Cha kushoto kilikuwa kimelika upande wa nje. Ndani yake kulikuwa na unyevu. Aliingiza vidole. Kulikuwa na joto.

Hakupiga kelele. Aliweka vipya mahali palepale, akapiga magoti juu ya gogo.

"Sonia," alinong'ona. "Ni mimi nilikuambia urudi. Ni mimi, si baba yako. Nilikuwa na mzigo, mwanangu, ningeutupa. Ningeutupa wote. Rudi nyumbani."

Nyuma yake gogo lililia. Mara moja. Kama mtu amelikanyaga kwa upande wa mguu.

Alitaka kugeuka. Shingo ilikataa. Alikaa vile mpaka dereva alipomwita kutoka kilimani, na alipogeuka, daraja lilikuwa tupu na viatu vipya havipo.

Asubuhi ya Idi, takbira zikisikika msikitini, Victoire alifungua mlango wake. Viatu vipya vilikuwa kizingitini. Kamba zilikuwa zimelegezwa mpaka tundu la mwisho, na kisigino kimekanyagwa kikalala, kama anavyofanya mtoto ambaye kiatu hakimtoshi na hataki kumuudhi mama yake kwa kusema.

Uwanja ulikuwa mkavu. Katikati yake nyayo za miguu mitupu zilikuwa zimetoka njiani mpaka mlangoni, zenye maji, kubwa, nyayo za mwanamke. Za kushoto zilikuwa zimekanyagia ubavu. Zilifika kizingitini zikasimama. Hazikuingia, na za kurudi hazikuwapo.

Victoire alizunguka kibandani huku ameshika ukuta. Kijiti kilikuwa kwenye msumari wake. Baada ya ule mkato ambao Jean-Paul aliufuata, kulikuwa na mwingine mpya, mweupe, na vumbi la mti lilikuwa bado chini yake. Hawakufikiria hilo, yeye na Jean-Paul. Mwaka mzima ulikuwa umepita, na mtoto alikuwa ameendelea kukua.

Alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kitenge. Alikaa kwenye kiti cha Atumani, kiti ambacho hakuwahi kukikalia, akachukua kile kisu cha msumeno. Hakuwahi kukata soli maishani mwake. Alitelezesha pete mpaka mkato mpya na akaanza, taratibu, asizidishe wala asipunguze.

Jua la Idi liliwaka siku hiyo mpaka bati likalia. Watu walipita kusalimia, wakala wali, wakaondoka, na wote waliruka kizingiti bila kuambiwa. Zile nyayo pale mlangoni hazikukauka.