Gauni la Mwalimu na Ulimwengu Unaotanuka

Fundi cherehani alipenda kushona huku redio ikiongea. Mkewe alikaa karibu na mlango, akipiga pasi. Asubuhi hiyo mdogo wa mkewe, mwalimu wa sayansi, alikuja kujaribu gauni la harusi yake. Harusi ilikuwa kesho yake.

Alitoka nyuma ya pazia amelishika gauni kwa mikono miwili. Akiliachia tu, linadondoka.

"Shemeji! Humu tunaingia mimi na bwana harusi!"

"Nimekuachia nafasi," fundi alisema. "Redio imesema ulimwengu unatanuka. Na wewe si umo humo humo?"

Mkewe aliweka pasi pembeni. "Kumbe ndiyo maana suruali za wateja zinarudi kupunguzwa! Kesho mdogo wangu avae nini, pazia?"

"Tena nyota zinatukimbia," fundi aliendelea. "Sijui tumezikosea nini."

Mwalimu alicheka mpaka bega moja likatoka nje. "Dada, nishikie gauni."

Akachukua mpira wa kiunoni, akaubandika vifungo vitano kwa pini.

"Kila kifungo ni galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota. Haya, vuta."

Fundi akavuta.

"Vifungo vimekua?"

"Aa, vimeachana tu."

"Basi. Ukikaa kwenye kifungo chochote, utaona vingine vyote vinakukimbia. Cha mbali ndicho kinachokimbia zaidi. Hujamkosea mtu, shemeji."

"Nani kaenda huko akaona?"

Mwalimu alichora mawimbi madogo kwa chaki ya bluu juu ya mpira uliolegea. "Huu ni mwanga unaotoka galaksi ya mbali. Vuta tena."

Mawimbi yakarefuka.

"Mawimbi ya mwanga yakirefuka njiani, rangi yake husogea upande wa wekundu. Wataalamu waliupima mwanga huo. Galaksi ikiwa mbali zaidi, mwanga wake umesogea zaidi. Hapo wakajua kwamba nafasi kati ya galaksi inatanuka."

"Na kiuno chako?"

"Kiuno changu ni kama kifungo, kimeshikamana! Dunia nayo imeshikamana. Punguza gauni, mikono ya dada inachoka!"

Fundi alipunguza. Kesho yake gauni lilimkaa mwalimu sawasawa, akacheza mpaka viatu vikamtoka. Suruali nazo zikaacha kurudi, isipokuwa moja. Mwenye suruali hiyo alikuja ameivaa, imembana tumboni.

"Fundi, nasikia ulimwengu unatanuka."

"Unatanuka huko mbali, kati ya galaksi," fundi alimjibu, akimzungushia futi ya kupimia tumboni. "Hiki kitambi cha hapa, mzee wangu, kimetoka jikoni kwako."