Seva Iliyodhani Ni Usiku

Kila asubuhi Mwatumu ndiye aliyefungua chumba cha kompyuta cha shule yao, pale Mabawa. Hufuta vumbi, huwasha seva, ile kompyuta kubwa inayozigawia nyingine masomo, kisha humsubiri Mwalimu Ritha aje kuirekebisha saa. Betri ya ndani ya seva hiyo ilikuwa imechoka. Ikizimwa jioni au umeme ukikatika, seva husahau wakati. Mwalimu alishaonya kwamba saa ile asiiguse mwanafunzi yeyote.

Jumatatu hiyo mwalimu alichelewa. Mwatumu akaona, ah, kazi yenyewe si kuandika tarakimu tu? Akamwuliza mlinzi saa, akajibiwa ni saa mbili na nusu. Akaandika 2:30, akatoka kifua mbele.

Jaribio la asubuhi hiyo, la kufanywa kwenye kompyuta, lilipoanza, hakuna kompyuta iliyofunguka. Mwalimu Ritha alichomoa nyaya, akazichomeka, wapi! Ndipo akakumbuka kwamba Ijumaa Uweso, mwanafunzi mwenzake Mwatumu, alifagia nyuma ya seva. Uweso akaapa kwamba hakugusa waya, lakini mwalimu hakumsadiki, akamwambia asikanyage tena chumba kile. Maskini Uweso, ambaye kompyuta aliipata shuleni tu, alibeba daftari lake akatoka, machozi yakimlengalenga.

Mwatumu alijua kwamba saa aliigusa yeye, ila alijiambia anyamaze, mambo yatapita. Aliona haya, tena aliogopa kunyang'anywa ufunguo. Lakini alipoiona nafasi ya Uweso tupu, akainuka.

"Mwalimu, Uweso hana kosa," alisema hatimaye. "Saa niliiweka mimi. Niliandika mbili na nusu."

Mwalimu akaguna. Saa ya seva huanza kuhesabu usiku wa manane, hivyo kwake ile mbili na nusu ilikuwa saa nane na nusu za usiku. Na ukuta wake wa ulinzi, yaani programu inayochagua nani aingie, uliamriwa kumfungia kila mtu hadi asubuhi. Mwalimu akaiweka saa sawa. Bado kimya. Ukuta ulikuwa ungali unawakumbuka wote uliowakataa. Alipoifuta kumbukumbu hiyo, kompyuta zikafunguka moja moja.

Uweso akaitwa, na mwalimu akamwomba radhi mbele ya darasa zima. Uweso aliketi bila kumtazama Mwatumu. Hilo lilimuuma Mwatumu kuliko kiboko.

"Mimi nimehukumu kabla ya kuchunguza," Mwalimu Ritha akasema, akichukua ufunguo mkononi mwa Mwatumu. "Na wewe uligusa ulichokatazwa. Saa nimeirekebisha kwa dakika tano, mwanangu. Ungenyamaza, moyo wa Uweso ningeurekebisha kwa kitu gani?"